Viti Viwili, Dini Tatu

Mwaka 1891 Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifungua misheni Ushirombo, nchi ya Wasumbwa ambayo leo iko wilaya ya Bukombe, mkoani Geita. Walifika wamevaa kanzu nyeupe na joho jeupe, rozari ikining'inia shingoni. Mavazi hayo hayakubuniwa kwa ajili ya Usumbwa wala Usukuma. Askofu Lavigerie, aliyekuja kuwa kardinali, alipoanzisha shirika lake Algiers mwaka 1868 alikuwa akiwafikiria Waislamu wa Afrika Kaskazini, akataka mapadre wake wafanane nao kwa vazi ili waweze kuketi nao. Rozari ilivaliwa mahali ambapo mtu wa huko angetazamia kuona tasbihi. Kwa hiyo mazungumzo na Uislamu yalishonwa ndani ya kanzu ya mmisionari kabla hajapanda meli, na Msumbwa aliyemwona padre kwa mara ya kwanza angekuwa na kila sababu ya kumdhania ni mmoja wa Waarabu wa Tabora.

Historia ya dini katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya watu wawili: Mkristo na Mwislamu, jinsi walivyokutana, wakashindana, wakapatana. Nadhani hesabu hiyo imekosewa tangu mwanzo. Walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mwenye nyumba.

Mfano wa kwanza wa mazungumzo ya dini ulitoka upande wa pili wa Ziwa Victoria, ukaletwa kusini na mtu mmoja. Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Uskoti aliyetumwa na Waanglikana wa CMS, alikaa Buganda tangu 1878. Katika baraza la Kabaka Mutesa alibishana na wafanyabiashara wa Kiarabu juu ya Mungu mmoja na juu ya Yesu, na alipokuja Padre Lourdel wa Mapadre Weupe akabishana naye pia, tena kwa ukali zaidi. Kabaka alisikiliza kama hakimu anayefurahia kesi. Kisha Desemba 1879 meza ikapinduliwa: Mutesa na wakuu wake walitangaza kwamba wanarudi kwa balubaale, miungu ya mababu, na dini zote mbili za wageni wakaziweka kando. Mackay alifukuzwa Buganda mwaka 1887, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaendelea kutafsiri Injili na kuichapa kwa mtambo wake mpaka homa ilipomuua Februari 1890. Alichowaachia waliomfuata ni namna ya kutazama mambo. Kwamba Mwislamu ni mpinzani mwenye kitabu, unaweza kubishana naye aya kwa aya. Kwamba mwenye mizimu hana hoja, ana giza tu, na giza hupelekewa taa.

Waislamu wengi wa siku hizo, kusema kweli, walimwona mwenye mizimu vilevile. Katika hilo Mackay na mahasimu wake hawakuwa na ugomvi.

Huyo wa tatu alikuwa anaamini nini? Msukuma wa karne ya 19 hakuwa na neno la kutaja dini peke yake, mbali na kilimo, ng'ombe, uzazi na mvua. Alimjua Mulungu, au Seba, mwenye enzi, asiyesumbuliwa kwa mambo madogo. Karibu zaidi walikuwepo masamva, wafu wa ukoo, wanaokumbuka kama umewakumbuka na wanaougua wakisahaulika, na ugonjwa wao huonekana kwenye mwili wa mtoto wako. Mambo yakienda kombo mtu alikwenda kwa nfumu, ambaye alimpasua kuku na kusoma ndani yake chanzo cha tatizo: ni mzimu gani, ni jirani gani, ni deni gani la zamani. Juu ya wote alikaa ntemi, ambaye mvua ilikuwa sehemu ya kazi yake. Mvua ikigoma, aliulizwa yeye.

Lavigerie aliweka sheria kwamba mtu asibatizwe kabla ya miaka minne ya mafundisho. Ni muda mrefu, na ulisaidia, kwa sababu katekumeni alipata miaka minne ya kumuuliza padre maswali ambayo katekisimu haikuyatazamia. Upande wa Waprotestanti, kituo cha CMS cha Nassa kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Wamarekani hao na wafuasi wao, ambao kanisa lao leo tunaliita AICT, walijenga pia Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kituo ambacho hospitali yake ingali inatibu watu mpaka leo. Walikuwa wakali kuliko Wakatoliki. Pombe mwiko, ngoma mwiko, mganga mwiko. Mtu aliyeokoka alitoka kwenye ngoma kama anavyotoka mtu kwenye nyumba inayoungua. Uislamu nao ulikuja kwa miguu ya biashara, na reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928 ukajikita kwenye miji ya stesheni: maduka, mikahawa, mabucha, madrasa. Vijijini ulipenya kidogo. Lakini hirizi ya mwalimu wa madrasa ilisafiri mbali kuliko mwalimu mwenyewe, na nfumu hakuona tatizo kuiweka kando ya dawa zake.

Ukitaka kuona jinsi mambo haya yalivyoweza kulala kitanda kimoja, tazama ikulu ya Busiya, huko Ukenyenge katika wilaya ya leo ya Kishapu. Kidaha Makwaia, ntemi msomi aliyepitia Tabora na Makerere, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945 pamoja na Abdiel Shangali wa Machame, Waafrika wa kwanza kukaa humo. Tunamkumbuka kama David Kidaha Makwaia, jina la Mkatoliki. Alipoachia kiti miaka ya 1950, kilikaliwa na nduguye, Hussein Makwaia. Daudi na Huseni, nyumba moja, kiti kimoja, na kiti chenyewe kilikuwa cha masamva wa Busiya kabla ya Biblia na Kurani kusomwa huko. Hakuna aliyeitisha semina. Waliishi hivyo tu, na wananchi waliendelea kutazamia mvua kutoka kwa mwenye kiti, awe na jina gani.

Padre wa kwanza katika eneo hili kulichukulia jambo hilo kama swali la teolojia, si la nidhamu, alikuwa Mkanada. David Clement, Padre Mweupe kutoka Quebec, alifanya kazi Bujora, karibu na Kisesa, kilomita chache mashariki ya Mwanza. Askofu wake Mwanza alikuwa Joseph Blomjous, Mholanzi mwenye fikra pana ambaye baadaye alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na ambaye chuo chake cha Nyegezi ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Chini ya askofu wa namna hiyo padre angeweza kujaribu mambo. Katika miaka ya 1950 Clement alijenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya ntemi. Akakusanya wazee, watunzi wa nyimbo na wacheza ngoma, akawaomba watunge nyimbo za ibada kwa mahadhi yao. Na akaichukua sikukuu ya Ekaristi, ile ya mwezi Juni, akaiunganisha na ngoma za mavuno. Sikukuu hiyo ikaitwa Bulabo, kwa sababu ya maua yanayorushwa mbele ya Sakramenti katika maandamano.

Hapa panahitaji kusimama kidogo. Ngoma za Usukuma si burudani tu. Vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, vinajivunia waasisi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa mahodari wa dawa kabla ya kuwa mahodari wa kucheza. Mashindano huamuliwa na watazamaji: kundi linalovuta umati mkubwa zaidi limeshinda. Na kila mtu uwanjani anajua kwamba umati hauvutwi kwa miguu peke yake, kuna dawa ya samba, kuna mambo yaliyofanywa usiku wa kuamkia. Clement aliyajua hayo. Aliwaalika hata hivyo. Asubuhi Ekaristi ilipita katikati ya maua, na mchana Bagika na Bagalu wakapambana, kila upande na dawa zake, katika uwanja wa parokia.

Wakosoaji walisema padre amebariki uganga. Wafuasi wake walisema ameubatiza. Mimi naona alifanya jambo la tatu, dogo kuliko yote mawili na gumu kuliko yote mawili: aliwapa wageni wake nafasi ya kuja kama walivyo, bila kuwalazimisha kwanza wakiri kwamba walichonacho ni mila tu. Lakini historia ilimpita. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu, ngoma za kifalme zikabaki hazina wa kupigiwa, na nyingi zikapelekwa Bujora zihifadhiwe. Kituo kikawa Makumbusho ya Wasukuma. Ngoma iliyokuwa ikitangaza kusimikwa kwa ntemi ikawekewa kibandiko. Mtu anaweza kushukuru kwamba zimenusurika moto na mchwa, na bado akaona kwamba kitu kinachozungumza na kitu kinachotazamwa si kimoja.

Oktoba 1965 Mtaguso ulitoa tamko lake juu ya dini zisizo za Kikristo, Nostra Aetate. Uislamu ulipewa aya nzima ya heshima, dini ya Kiyahudi zaidi ya hapo, Uhindu na Ubuddha zikatajwa kwa majina. Dini za Afrika hazikutajwa kwa jina. Zilifunikwa katika sentensi za jumla juu ya mataifa mbalimbali na utambuzi wao wa nguvu iliyojificha. Maaskofu wa Afrika walikuwepo ukumbini, na Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba alikuwa na miaka mitano katika ukardinali. Lakini hati ilitoka hivyo, na ikaweka mpaka ambao parokia za Shinyanga na Geita ziliurithi: kwa Mwislamu tuna mazungumzo, kwa Msukuma tuna utamadunisho.

Huo utamadunisho ulifanyiwa kazi kweli. Jimbo la Shinyanga lilianza kama Maswa, na tangu 1954 lilikuwa na wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani. Mmoja wao, Padre Donald Sybertz, alikuja kukaa Ndoleleji, kijiji cha Kishapu kilicho mbali na lami yoyote, na huko akafanya kazi na kamati ya utafiti ya Kisukuma iliyokusanya methali, vitendawili, nyimbo na ngano. Mwaka 1984 yeye na mwenzake Joseph Healey walitoa kwa Kiswahili kitabu kiitwacho Kueneza Injili kwa Methali, na mwaka 1996 kingine kwa Kiingereza juu ya teolojia ya Kiafrika inayosimuliwa badala ya kutungiwa hoja. Wanafunzi wa teolojia Nairobi na Roma wamesoma ngano zilizookotwa Ndoleleji na watu ambao hawajawahi kuiona Roma.

Ngano waliyoipenda kuliko zote ni ile ya Shing'weng'we. Zimwi hilo lilimeza watu wote na ng'ombe wote wa nchi. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye lundo la pumba. Akamzaa mwana, Masala Kulangwa, mwenye akili ya kuelewa upesi. Kijana akakua, akauliza watu wako wapi, akaambiwa. Akaanza kuwinda: akaua panzi, akauliza kama ndiye; akaua ndege, akauliza; mpaka akalikuta zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua tumbo, na watu wakatoka wazima, ng'ombe wakatoka wazima. Wakamfanya ntemi wao, na mama yake akaheshimiwa pamoja naye. Makatekista hawakuhitaji kuelezwa sana. Mwana wa mwanamke, mshindi wa mauti, waliomezwa wakatoka: hiyo ni Pasaka, iliyokuwa ikisimuliwa jikoni jioni kabla ya Ushirombo kujengwa.

Lakini ngano ina sehemu nyingine. Masala Kulangwa alipopasua tumbo la zimwi, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akataka kumroga. Simulizi linasema shujaa alijihami, na mwisho mambo yakasawazishwa. Mahubiri ya Pasaka humpita bibi huyo haraka. Ningependa yasimpite.

Kwa sababu katika miaka ileile ambayo kamati ya Ndoleleji ilikuwa ikikusanya ngano, vikongwe walikuwa wakiuawa kwa mapanga katika vijiji vya Shinyanga na Mwanza. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi, na macho mekundu ni zawadi ya miaka hamsini ya kupika kwa moto wa kinyesi cha ng'ombe na mabua. Taarifa za serikali za miaka ya 1970 hadi 1984 zilihesabu zaidi ya watu 3,600 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya nusu yao Usukumani, wengi wakiwa wanawake. Baadhi ya watafiti wamehusisha wimbi hilo na operesheni ya vijiji ya 1974, iliyong'oa watu kwenye makaburi yao na kuwapanga mstari mmoja na majirani wasiowajua. Dola ilijibu kwa nguvu ikakosea vibaya: watuhumiwa wa mauaji waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya usalama Shinyanga na Mwanza, na Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu kwa kuwajibika. Kuanzia 1982 hivi, watu wa Kahama na jirani zao walijibu kwa njia yao, wakaunda sungusungu, jeshi la mishale lenye viapo, dawa, na viongozi walioitwa batemi, cheo ambacho sheria ilikuwa imekifuta miaka ishirini kabla.

Makanisa yalilaani mauaji. Masheikh walilaani. Kulaani ni rahisi na ni lazima. Lililokuwa gumu ni kukaa na nfumu anayeheshimika, yule anayechukia uchawi kuliko padre anavyouchukia, na kumuuliza: kuku anapoonyesha jirani, unafanya nini na jibu hilo? Yupo nfumu anayetaja jina na yupo anayeficha jina na kutoa dawa ya upatanisho, na tofauti kati ya hao wawili ilikuwa tofauti kati ya kizee kuishi na kizee kufa. Hilo lilikuwa swali la teolojia ya maadili la kiwango cha juu. Anayeweza kulijibu hakuwahi kuitwa kwenye semina, kwa sababu semina za mazungumzo ya dini ziliandaliwa kwa ajili ya Waislamu.

Na hao Waislamu na Wakristo walikuwa na shida zao. Miaka ya 1980 mihadhara ya hadharani ilienea nchini: wahubiri wa Kiislamu waliosoma Biblia kwa makini, kama Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba, walithibitisha Uislamu kwa kutumia kitabu cha Wakristo, na wainjilisti wakajibu kwa vipaza sauti vyao. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Shinyanga na Geita, ukanda wa dhahabu, uliyasikia hayo kwa mbali, kwenye kaseti zilizouzwa stendi. Ulikuwa na shughuli nyingine.

Shughuli yenyewe ilikuwa mashimo. Mgodi wa Geita wa wakoloni ulifungwa mwaka 1966, na kwa miongo mitatu dhahabu ilikuwa ya wachimbaji wadogo: mwenye duara, yaani shimo, wanaapolo wake waliochimba, karasha ya kusaga mawe, na mganga aliyeulizwa shimo lichimbwe wapi na itolewe kafara gani kabla ya kushuka. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilaya ya Kahama. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ukafunguliwa, Bulyanhulu ukafuata 2001. Mwaka 2007 familia za Mtakuja, Geita, zilitolewa kwenye ardhi yao kupisha mgodi, zikaishia kwenye mahema ndani ya mji.

Ndipo likatokea jambo ambalo mihadhara yote isingeweza kulizaa. Machi 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, baraza la Waislamu, wote kwa pamoja, walitoa ripoti juu ya dhahabu ya nchi, iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu. Taasisi tatu ambazo zisingekubaliana juu ya Utatu, Papa wala Mtume zilikubaliana juu ya mrabaha. Walihoji kwa nini nchi inapata asilimia 3 tu, kwa nini mikataba ni siri, kwa nini aliyekaa juu ya dhahabu anahamishwa kwenda kukaa juu ya turubai. Kamati ya pamoja ya viongozi wa dini juu ya haki za kiuchumi na uadilifu wa uumbaji ikaendelea na kazi, na mwaka 2012 ikatoa ripoti nyingine, juu ya kodi na fedha zinazovuja. Kamati ya Jaji Mark Bomani nayo ilikuwa ikichunguza sekta hiyohiyo, kwa hiyo si haki kuwapa viongozi wa dini sifa zote. Sheria ya Madini ya 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, na mwaka 2017 ukafika 6.

Kiteolojia, Mwislamu alikuja na ukhalifa wa mwanadamu juu ya ardhi, Mkristo akaja na uwakili, na mafundisho hayo mawili yalifanana kiasi cha kuweza kutia saini karatasi moja. Fundisho la tatu, kwamba ardhi ina wenyewe waliolala ndani yake na kwamba hupasui tumbo lake bila kuwaambia, halikuingia kwenye ripoti. Najua, ripoti ya kodi si mahali pake. Ila ndilo fundisho ambalo mchimbaji wa Nyarugusu, Geita, anashuka nalo shimoni, awe amevaa msalaba au kofia ya kuswalia.

Fundisho hilo lina upande wa kutisha pia, na anayetaka lisikilizwe asiufiche. Kati ya 2007 na 2009 watu wenye ualbino waliwindwa katika mikoa ya ziwa, viungo vyao vikauzwa kwa ahadi ya utajiri wa samaki na dhahabu. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wote wa jadi, wema na wabaya kwa kalamu moja. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana mmoja wa Bukombe. Wilaya ileile ya misheni ya Ushirombo, miaka 118 baadaye.

Kisha ikaja nyama. Buseresere ni mji wa biashara wilayani Chato, umeungana kabisa na Katoro, na wote wawili wamenenepa kwa fedha za machimbo. Katika miji kama hiyo, tangu ukoloni, ng'ombe wa bucha huchinjwa na Mwislamu. Hakuna sheria iliyosema hivyo, ni mazoea yaliyowaridhisha wote: Mwislamu ana hakika ya halali, Mkristo anakula bila kuuliza. Hata harusi ya Mlutheri au msiba wa Mkatoliki huita jirani Mwislamu ashike kisu, ili asiwepo mgeni wa kurudi na njaa. Mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013 baadhi ya Wakristo wa mikoa ya Mwanza na Geita waliuliza kwa nini katika nchi isiyo na dini biashara ya nyama ipite kwenye ibada ya dini moja. Wakafungua mabucha yao na kuchinja wenyewe. Februari 11, 2013, watu walipigana Buseresere kwa mapanga na marungu, na mchungaji wa Tanzania Assemblies of God akauawa kwa kukatwa kichwa.

Maandiko ya pande zote mbili yalikuwa na mengi ya kusema siku ile. Aya ya 5 ya Surat al-Maida inakihalalisha chakula cha watu waliopewa Kitabu, na wanazuoni wamejadili kwa karne nyingi masharti ya ruhusa hiyo. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyopitia kwenye mahekalu ya sanamu: imani haidhuriki kwayo, lakini kama kula kwangu kunamkwaza ndugu yangu, naacha. Matendo ya Mitume sura ya 15 inasimulia mkutano mzima wa Kanisa la kwanza uliohusu, pamoja na mengine, damu na wanyama walionyongwa. Ugomvi wa nyama ni mkongwe kama Kanisa, na ulishatatuliwa mara kadhaa kwa watu kukaa. Lakini teolojia haikukaa Buseresere. Waliokaa ni viongozi wa serikali na wa dini, Mwanza, na serikali, kupitia kwa Waziri Stephen Wassira, ikashikilia mazoea ya zamani: nyama ya kuuzwa kwa umma ichinjwe na Waislamu. Wachungaji na maaskofu kadhaa wa Kanda ya Ziwa walipinga hadharani. Ghasia zikatulia, swali likabaki pale lilipokuwa.

Na ng'ombe mwenyewe alitoka wapi? Kwa mfugaji wa Kisukuma, karibu kwa hakika. Mtu ambaye huko kwao ng'ombe na kondoo wana siku zao za kuchinjwa na namna ya kuchinjwa, ukoo umesimama, mkubwa wa mji akiwataja wafu kwa majina. Alimuuza ng'ombe mnadani, akahesabu fedha, akaenda. Katika mjadala wote wa nani ana haki ya kushika kisu, sikusikia mtu aliyemuuliza yeye anaonaje.

Septemba 8, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Kisesa, jirani na Bujora, katika tamasha la utamaduni. Machifu walimvika, wakampa kiti na jina: Hangaya, mkuu wa machifu. Mwislamu kutoka Unguja, akisimikwa kwa desturi za kiti cha mizimu, jirani na parokia ya Katoliki inayotunza ngoma za watemi waliofutwa na serikali aliyokuwa akiiongoza. Baadhi ya Wakristo na Waislamu walinung'unika juu ya matambiko. Jibu walilopewa lilikuwa kwamba ule ni utamaduni, si dini. Ni jibu la busara kisiasa, na ndilo walilopewa wakosoaji wa Clement. Kamati za amani za mikoa na wilaya zina masheikh, mapadre, maaskofu na wachungaji, na zimefanya kazi nzuri tangu 2013. Katika sherehe za serikali huanza dua ya sheikh, ikafuata sala ya padre au mchungaji. Banamhala, wazee wa mila, na bafumu hupangwa baadaye kwenye ratiba, chini ya ngoma na burudani.